Silabi Moja ya Kikorea

Tombo alikufa mwezi uliopita, Mahajanga, na habari zake zilinifikia Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, nikiwa natandika vitanda vya wageni. Aliyepiga simu ni mkewe, Soa. Hakusema mengi. Alisema homa ilimkaa siku tisa tu, wamekwisha kumzika, na angefurahi kuniona mimi, ambaye huniita wifi ingawa si ndugu wa Tombo, kabla ndugu hawajatawanyika. Nilikaa pembeni mwa kitanda nilichokuwa nimetoka kukitandika, simu bado mkononi. Sikulia. Jambo la kwanza lililonijia, naliandika kama lilivyonijia, lilikuwa nafuu: kwamba sasa hakuna tena mtu wa kuniuliza. Halafu niliona haya kwa nafuu ile, na haya hiyo ndiyo iliyonipandisha kwenye kivuko asubuhi iliyofuata. Kutoka Nosy Be hadi Mahajanga ni safari ya siku mbili kwa mtu asiye na haraka. Mimi sikuwa na haraka. Njia nzima nilikuwa tena na miaka kumi na tisa.

Mwishoni mwa miaka ya sabini serikali yetu ilikuwa na urafiki na Korea ya Kaskazini, na mafundi wa mpunga waliletwa Mahajanga kuongoza uchimbaji wa mifereji bondeni. Walikuwa watu wa kazi, wenye mikono migumu, na hawakujua Kifaransa wala Kimalagasi. Ikaamuliwa vijana sita wafundishwe Kikorea kwa mwaka mmoja, na atakayeongoza katika mtihani wa mwisho aajiriwe kuwa mkalimani. Mimi nilichaguliwa kutoka Nosy Be kwa sababu ya alama zangu za Kifaransa. Nilifikia mtaa wa Tsaramandroso, kwa mama yangu mdogo, Mama Fatuma, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na ua mdogo wa saruji. Haikuwa imepita miaka mitatu tangu machafuko yaliyowatoa watu wengi wa asili ya Komoro katika mji ule. Nyumba mbili za mtaa wetu zilikuwa na wenyeji wapya, na ya tatu mlango wake ulikuwa umepigiliwa mbao. Mama Fatuma alisema Kikomoro ndani. Akivuka kizingiti tu, alisema Kimalagasi, hata akiwa peke yake na kuku. Kila asubuhi, akinikabidhi mkate na chai, alinikumbusha kwamba mwenye kazi ya serikali hafukuzwi. Alilisema kama dua. Nalitaja ili lijulikane, si ili linitetee. Watu wengine waliogopa mwaka ule na hawakufanya nilichofanya.

Darasa letu lilikuwa ghorofani, juu ya lililokuwa duka la vitambaa. Rafu bado zilikuwepo, na zilinuka pamba mpya ingawa hazikuwa na hata kipande cha kitambaa. Mwalimu wetu, Mwalimu Ri, alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini hivi, mwenye shati la kijivu alilolifunga vifungo mpaka shingoni katika joto lile la kutoboa bati. Alivua viatu mlangoni na kuvipanga, ncha zikielekea nje. Kifaransa chake kilikuwa cha kamusi: alifungua, akatafuta, akatuonyesha neno kwa kidole. Siku ya kwanza hakutafuta neno lolote. Alichora herufi ubaoni, akafungua kinywa, akashika taya lake, akatuonyesha kwamba umbo la herufi ndilo umbo la ulimi unapoitamka. Tulicheka, kisha tukajaribu, sote sita tukishika mataya yetu kama watu wenye maumivu ya jino. Baada ya wiki mbili tuliweza kusoma kila kitu na hatukuelewa chochote. Tulisoma kwa sauti maandishi ya masanduku ya vipuri. Tombo alikuwa akiyasoma kwa sauti ya muadhini, mpaka siku moja Mwalimu Ri mwenyewe akageukia ubao ili tusimwone akicheka.

Nimtaje Tombo vizuri, maana ni wajibu wangu. Alikuwa mrefu, mzaliwa wa mji ule ule, mwenye mwanya na mashati mawili. Mimi nilikuwa na daftari. Yeye alikuwa na sikio. Mimi niliandika kila neno kwa wino wa rangi mbili, nikalala nalo. Yeye alilisikia mara moja, akashuka nalo jikoni kulijaribisha kwa mpishi. Jiko lilikuwa nyuma ya jengo, na mchana tulikula huko pamoja na mafundi, kwenye meza moja ndefu: wali, samaki, na kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, ambayo mpishi aliikandamiza ndani ya mapipa ya plastiki chini ya ngazi. Harufu yake ilitufikia darasani tangu saa tatu. Sisi wengine tuliisukuma pembeni mwa sahani. Tombo aliila, akaomba tena, akajifunza jina lake na jina la kila kilichomo, na hatimaye akawa anamsaidia mpishi kuosha kabichi kila Ijumaa. Kikorea chake kilikua jikoni, kikiwa na utani na matusi madogo. Changu kilikua kwenye karatasi.

Katikati ya mwaka tuliingia katika adabu za lugha ile. Kikorea kina kitenzi cha kula unapokula wewe na kitenzi kingine cha kula anapokula mkubwa wako, na ukikosea umemtukana mtu bila kujua. Jambo hilo halikutushangaza. Nasi tumelelewa hivyo. Kilichonitesa ni kwamba kitenzi hukaa mwisho kabisa, kwa hiyo mtu anaweza kukueleza habari ndefu yenye mama na barua na safari, na usijue kama amekwenda au hakwenda mpaka afike kwenye pumzi ya mwisho. Ndipo tulipofundishwa pia namna mbili za kukana. Mwalimu Ri aliziandika kubwa. "An" ni ya asiyetaka. "Mot" ni ya asiyeweza. Ukisema "an" mbele ya kitenzi cha kwenda, umesema hutaki kwenda. Ukisema "mot," unatamani kwenda lakini umezuiliwa na maradhi, au umbali, au amri. Alitufanya tuzirudie wiki nzima. Alisema, kwa kidole chake katika kamusi, kwamba hapo pana tofauti ya "cœur," moyo.

Siku ya Idi Mama Fatuma alisema si haki mtu mzima akae peke yake sikukuu, nikamleta Mwalimu Ri nyumbani. Alikaa juu ya mkeka ameunyoosha mgongo, akala samaki wa nazi na achari ya maembe, akatoka jasho, hakufungua kifungo. Mwishoni Mama Fatuma alimpa maji ya ukoko, yale yanayochemshwa ndani ya sufuria ya wali ulioungua chini, ambayo kwetu hayakosekani baada ya chakula. Alionja, akakiweka kikombe, akakichukua tena kwa mikono miwili. Akasema neno moja, sungnyung, na polepole akanieleza kwamba kwao pia hunywewa, na kwamba mama yake, ambaye alikuwa mzee sana, huuacha ukoko uungue zaidi. Mama Fatuma aliniomba nimwambie kuwa huyo mama amelea vizuri. Nikamwambia, na nikatumia kitenzi cha heshima mahali pake hasa, bila kukwama. Leo najaribu kukumbuka uso wake aliposikia maneno yale, siupati. Nakumbuka kitenzi tu.

Mwezi wa tisa tulivuka kwa kivuko kwenda Katsepy pamoja na mafundi waliotaka kuona ardhi ya upande wa pili. Ufukweni palikuwa na mama mmoja anauza kaa, na fundi mmoja alitaka kujua wanavyonaswa. Nilikuwa bado naipanga sentensi kichwani Tombo alipoanza. Aliwageukia hawa, akawageukia wale, kaa mkononi, akaiga mwendo wa kaa na sauti ya yule mama, na wote walicheka kwa wakati mmoja, Wakorea na Wasakalava wa pale, jambo ambalo sijaliona tena. Tulipokuwa tunarudi Mwalimu Ri alisema mbele yetu sote kwamba daftari la Echati, yaani langu, ni la kwanza, lakini Tombo ndiye anayesema. Alilisema kwa upole. Nilishuka kivukoni nikiwa na kitu kifuani, na nilikaa nacho miezi mitatu.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, siku ya Ijumaa, nilikuwa narudisha kamusi. Darasa lilikuwa tupu. Nilishuka kwa ngazi ya nyuma, na nikiwa ujiani nikasikia sauti ya Mwalimu Ri jikoni, chini chini, akizungumza na mpishi. Tombo alikuwa uani akichota maji, nilisikia ndoo. Mwalimu alikuwa akisema kwamba barua imefika, imekaa njiani miezi minne, kwamba mama yake ni mgonjwa, na kwamba huenda wakati huu ameshazikwa. Mpishi akasema aombe ruhusa. Yeye akajibu: mot kagetta. Siwezi kwenda. Akalirudia, mot kagetta, na sauti ikakatika. Nami pale ujiani, kamusi kifuani, nilifurahi. Lazima niliandike hili. Ilikuwa mara ya kwanza kuelewa Kikorea bila kukigeuza kichwani, kama ninavyoelewa mtu akisema mvua inanyesha. Mtu alikuwa anamlilia mamake, nami nilifurahi kwa sababu nimeelewa.

Mtihani wa mwisho tuliingia mmoja mmoja, mlango ukafungwa. Walikaa wawili nyuma ya meza: mkuu wa ujumbe, mtu mnene mwenye sauti laini ambaye alikuwa akija kutoka mji mkuu mara chache, na afisa mmoja wa kwetu ambaye hakujua Kikorea na aliandika alama alizotajiwa. Mwalimu Ri hakuruhusiwa kuwemo. Nilisoma, nikatafsiri, nikaandika imla. Kisha mkuu wa ujumbe akaniambia, sasa daraja la juu: eleza maneno ya mtu mwingine uliyoyasikia nje ya darasa. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu lazima uyafunge maneno ya mtu ndani ya sentensi yako, uyape heshima yake, na umalize na kitenzi cha kusema. Nilikuwa na sentensi moja tayari. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi siku tatu, kwa uzuri wake tu, Mungu ni shahidi, kama mtu anayejipima nguo. Nikaanza: Mwalimu amesema kwamba nyumbani kwao... Na hapo, kwa hofu au kwa haraka, ulimi ukachukua lililo jepesi. Nikasema "an." Mwalimu amesema kwamba hataki kurudi kwao.

Kalamu ya mkuu wa ujumbe ilisimama. Aliniangalia, na akaniuliza kwa utaratibu, akiyatenga maneno mawili ili niyasikie vizuri.

"An, au mot?"

Nilijua. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba lilikuwa kosa la mwanafunzi, ulimi ulioteleza, na mpaka kwenye swali lile ni kweli. Lakini aliniuliza, na nilipoulizwa nilijua. Nilijua pia kwamba sentensi iliyosahihishwa hupungua alama, na kwamba Tombo alikuwa nje ya mlango, ndiye anayefuata. Nilifikiri haya yote kwa muda wa kumeza mate.

"An," nikasema. "Nina hakika."

Alinisifu kwa matamshi yangu.

Siku ya sita baada ya mtihani tulikuta chumba cha Mwalimu Ri kitupu, godoro limekunjwa. Mmoja wetu, Jaona, aliyekuwa mkubwa kwetu kwa umri, alisema basi amepewa ruhusa akamwone mama yake, alhamdulillahi kwa dini zote. Mpishi akatikisa kichwa. Kwa Kimalagasi chake cha kuokoteza, macho mekundu, alitueleza kwamba hakupewa ruhusa, ameitwa, na hakwenda peke yake. Kwamba kuna mtu aliyechukua maneno ya jikoni akayapeleka yakiwa yameharibika, kana kwamba Mwalimu ameikataa nchi yake. Jaona akauliza ni nani hushinda jikoni siku za Ijumaa. Haikuhitaji kujibiwa. Tombo alisema si yeye. Alisema kwa utulivu, halafu kwa nguvu, halafu akaapa. Walimwita mpamadika, neno la Kimalagasi kwa mtu anayewauza wenzake, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya rafu tupu, natazama viatu vyangu. Siku mbili baadaye aliningoja njiani Tsaramandroso. Aliniuliza kama mimi nami naamini kuwa ni yeye.

"Mimi sijasema hivyo," nikamjibu.

Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mbaya kama ukweli ule. Alinishukuru.

Nikawa wa kwanza, Tombo wa pili. Nilifanya ukalimani bondeni mpaka mafundi walipoondoka, na hakuna aliyenifukuza mjini. Yeye alibeba magunia bandarini, kwa sababu Jaona na wenzake walikuwa na ndugu katika kila ofisi, na neno mpamadika hutangulia mtu popote anapopeleka barua ya kuomba kazi. Miaka minane ilipita kabla hajapata kazi ya kukata tiketi kivukoni. Mimi nilimsalimu kila nilipokutana naye. Nilikwenda kwenye harusi yake. Nilikwenda alipozaliwa mtoto wake wa kwanza, nikapeleka kitambaa. Watu waliona ni wema. Nami, Mungu anisamehe, kuna siku niliuona ni wema pia. Nilipohamia tena Nosy Be nilikuwa namtumia salamu za Idi na za mwaka mpya. Miaka ya karibuni walifika kwangu Ambatoloaka vijana wawili wa Korea, mume na mke, nikawaamkia kwa lugha yao. Walistaajabu, wakacheka kwa adabu, wakasema nazungumza kama mtangazaji wa zamani wa Kaskazini. Wakaniuliza nani alinifundisha. Nilisema nimeacha sufuria motoni, nikatoka.

Soa alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili. Chumba kilikuwa kimesafishwa baada ya wageni wa msiba, viti vimerudishwa ukutani. Aliniandalia wali, samaki wa kukaanga na majani ya muhogo, akakaa mbele yangu bila kula, akinitazama nikila, kama wafanyavyo wenye nyumba wa kwetu. Tulizungumza Kimalagasi cha pwani. Alinieleza zile siku tisa. Kisha akasema kwamba Jaona hakuja, wala yeyote katika lile darasa, na kwamba Tombo hakuwa ametarajia waje.

"Alikuwa akisema Echati peke yake hakumgeuka," akasema. "Nilitaka uje nikushukuru, wifi."

Niliweka kijiko chini. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njiani, yenye mwanzo na maelezo, yenye Mama Fatuma na mlango uliopigiliwa mbao. Sikuyatumia. Nilimwambia kwamba ni mimi. Nilimwambia ujiani, mtihani, swali la mkuu wa ujumbe na jibu langu. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliuliza.

"Siku ya harusi yetu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukala?"

"Nikala."

Aliitazama sahani iliyokuwa mbele yangu, ambayo nilikuwa nimeimaliza karibu yote. Akasimama, akaichukua, akasimama nayo mkononi kama mtu aliyesahau jiko liko wapi. Nikainuka ili niondoke.

"Kaa, Echati," akasema. Hakuniita wifi tena, na hajaniita hivyo tangu hapo. "Watoto wanarudi saa kumi. Mimi siwezi kuwaambia. Utawaambia wewe."

Nilikaa. Saa ile na nusu ilikuwa ndefu kuliko siku mbili za njiani. Walikuja watatu, watu wazima, wa kwanza ni mwanamke mwenye mwanya, mwalimu wa shule ya msingi, bado ana vumbi la chaki kwenye mkono wa nguo. Niliwaambia kwa mpangilio, tangu siku ya kwanza ya herufi, kwa sababu niliona wana haki ya kuyajua yote na si jina la mkosaji tu. Mdogo wao alitoka nje kabla sijafika mwisho. Wa kati alinisikiliza amefumba macho. Yule mwalimu alingoja nikanyamaza kabisa, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelitayarishia jibu. Aliuliza kama ni kweli baba yao alikuwa anajua Kikorea. Walipokuwa wadogo, akasema, alikuwa akiwaambia kwamba aliwahi kukijua, na akawatajia maneno. Walidhani ni sauti anazozibuni kuwachekesha. Walimcheka mpaka akaacha.

"Alikijua kuliko mimi," nikasema. "Kuliko sisi sote."

Akageuka kumtazama mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Kisha akakifunika kinywa chake kwa mkono wenye chaki, akaanza kulia, na mimi nikabaki pale kwenye kiti, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke.